Swali la lugha: Fundi, kwenye kotesheni usiandike "vichwa vizito"

Fundi mmoja wa Nyakato, hapa hapa Mwanza, kaniandikia hivi (nimefupisha kidogo): "Shikamoo mwalimu. Mi ni fundi wa leth na kuchomelea. Nina mteja anacheza gofu, huwa anaenda hadi Entebbe kucheza, kaniletea vichwa vya fimbo zake anataka nimchongee vipande vya uzito, nivitie kwenye vichwa, afu nimfungie fimbo upya. Kazi naiweza, shida ni karatasi. Anataka kotesheni (karatasi ya bei ya kazi) ya Kiswahili, nikiandika vichwa vizito vijana wake wa ofisini wanacheka. Niandike vichwa vizito, vichwa vya uzito, vichwa vilivyoongezwa uzito au vichwa vilivyozitishwa? Na kuna mzee hapa anasema gofu ni nyumba iliyobomoka, ni kweli?"

Marahaba fundi. Nianze na hilo la mzee maana ni dogo, mzee yuko sahihi ila hajamaliza. Gofu la nyumba lipo, na wingi wake ni magofu, kama magofu ya Kilwa. Gofu ya kuchezwa ni neno jingine kabisa lililokuja na mchezo wenyewe, halina wingi, na ukitaka kuyatofautisha we sikiliza tu upatanisho: gofu hilo limeanguka, gofu hii inachezwa. Ukiandika "fimbo za gofu" hakuna atakayedhani unauza miti ya nyumba mbovu. Na hapo kwenye fimbo baki hapo hapo. Wachezaji wenyewe wanasema klabu, sawa, ni lugha yao uwanjani pamoja na draiva (fimbo ya kupiga mbali), aironi (yenye kichwa cha chuma) na pata (ya kusukumia mpira shimoni), lakini kwa mtu wa kawaida wa huku klabu ni Yanga na Simba, na ukiteleza ukaandika kilabu umeshampeleka kwenye pombe ya kienyeji. Rungu lingefaa kwa umbo, ila rungu letu lina mgambo nyuma yake, liache.

Sasa vijana wanacheka nini. Wanacheka kwa sababu kichwa kizito kwa Kiswahili ni mtu asiyeelewa haraka, yule unamfundisha kitu kile kile wiki nzima na bado. Kichwa ni neno lenye mambo mengi: kichwa kigumu ni mbishi, kichwa maji hana akili iliyotulia, na ukisema "huyu ni kichwa" bila kuongeza kitu umemsifia. Kwa hiyo kotesheni inayosema "kutengeneza vichwa vizito vitatu" inasomeka kama tangazo la tuisheni iliyofeli. Lakini hata tukiacha utani, "vizito" hapo halifai kwa sababu nyingine ambayo ni ya maana zaidi. Kizito ni sifa ya kitu chote, haisemi uzito umekaa wapi wala kwamba kuna mtu kauweka. Nanga ni nzito, jiwe ni zito, na hakuna fundi aliyeviongezea uzito.

"Vichwa vya uzito" nalo linaning'inia. Ukilisoma unasubiri namba: vya uzito gani? Ukiandika "vichwa vya uzito wa gramu 200" limekaa vizuri, na hiyo ndo karibu kabisa na uzito wa kichwa cha draiva cha siku hizi, ila bila namba liache. "Vyenye uzito" ndo bure kabisa, kila kitu kina uzito.

"Vilivyozitishwa" naelewa umelitoa wapi, na fikra yako haina kosa. Kutoka refu tunapata refusha, fupi fupisha, imara imarisha, bora boresha, kwa nini zito isitoe zitisha? Kanuni inaruhusu ila wasemaji hawakulichukua, na lugha haimlazimishi mtu kutumia kila mlango uliopo. Afu kuna tatizo la sikio, kwa simu au kwenye kelele za karakana zitisha inasikika kama sitisha, mteja wako akisikia vichwa vyake "vimesitishwa" atakuja na bodaboda kuuliza kulikoni.

Tuje kwenye "vilivyoongezwa uzito", hapa ndo watu wengi wanakosea, hata matangazo ya redio. Angalia ni nani anaongezwa. Uzito ndo unaongezwa, kichwa kinaongezewa. Hospitali wanasema vizuri siku zote: damu imeongezwa, mgonjwa ameongezewa damu. Ukisema mgonjwa ameongezwa, ni kama wagonjwa walikuwa watano sasa ni sita. Vivyo hivyo, "vichwa vimeongezwa" maana yake mteja kaleta vichwa vingine. Ile -e- ndogo katikati ndo inampa mpokeaji nafasi ya kuwa mtendwa, na ni herufi moja tu inayoamua unadai hela ya nini. Kitenzi tia kinakusamehe zaidi, chai imetiwa sukari, betri imetiwa maji, hakuna anayelalamika, kwa hiyo "vichwa vilivyotiwa uzito" ni salama pia.

Ila ngoja, kabla hujaandika "vilivyoongezewa" niulize kitu, maana jibu la lugha hapa linategemea unachokifanya mezani. Je, kichwa kinapotoka kwako kinakuwa kizito kuliko kilivyoingia? Maana kwenye gofu ya sasa mara nyingi lengo la mbunifu si kuongeza, ni kuhamisha. Anakwangua chuma juu anaacha utandu mwembamba, gramu alizookoa anazipeleka chini, nyuma, au pembeni, jumla inabaki pale pale. Karsten Solheim, yule Mmarekani mzaliwa wa Norwe aliyeanzisha kampuni ya fimbo za gofu ya Ping, alifanya hivyo kwenye pata yake ya mwaka 1959, akausogeza uzito kwenye kingo mbili za kichwa ili mpira ukigongwa nje ya katikati kichwa kisijipinde sana mkononi. Na mwaka 2004 kampuni nyingine, TaylorMade, wakatoa draiva ya r7 quad yenye skrubu 4 za uzito, jumla gramu 48, mchezaji mwenyewe anazihamisha na ufunguo kabla ya kucheza (akishaanza raundi sheria haimruhusu kugusa). Watu wa mtumbwi wa mizigo wanaelewa hili bila kuelezwa, magunia ni yale yale ila ukiyapanga nyuma chombo kinatembea tofauti na ukiyapanga mbele. Na wao hawasemi mtumbwi mzito, wanasema mzigo umekaa vibaya. Ndo Kiswahili kinavyofikiri hapa: kitenzi, afu mahali.

Kwa hiyo kama hujaongeza kitu, usiseme umeongeza. Sema umehamisha au umesogeza uzito, na utaje wapi. Na hapo kwenye "wapi" ndo lugha yetu inakupa zawadi, maana kichwa cha fimbo kinaitwa kwa viungo vya mwili na vyote tunavyo. Sehemu ya juu ni utosi. Pale kinapogonga mpira ni uso. Pale mpini unapoingia ni shingo. Upande ulio karibu na shingo ni kisigino, upande wa mbali ni ncha, na chini kabisa ni soli, neno ambalo mafundi viatu wametuzoesha zamani. Kichwa chenye kisigino na soli ni kiumbe cha ajabu kidogo, najua, ila hata kwa wenzetu kiko hivyo hivyo na wameshazoea. Ongeza -ni na kazi imekwisha: uzito umesogezwa kisiginoni, umepunguzwa utosini, umetiwa solini. Uangalifu uwe kwa "usoni" tu, maana kwa wengi hilo ni la siku za usoni, we andika "kwenye uso". Na neno lenyewe linabeba maana ya kazi: mteja akiomba uzito kisiginoni, kwa mchezaji wa mkono wa kulia anataka mpira umsaidie kukunja kwenda kushoto, akiomba nchani anataka kinyume chake. Neno moja likikosewa hapo, anarudi na fimbo inayofanya kinyume na alichokilipia.

Vile vipande vyenyewe tuviite nini? Vya kukazwa kwa ufunguo, "skrubu za uzito", hakuna haja ya kuhangaika. Vya kudumbukizwa ndani na kugundishwa ningependa sana tuviite chubwi. Chubwi ni kile kipande cha risasi au jiwe kinachofungwa kwenye mshipi wa kuvulia ili uzame, kamusi zinalo, watu wa pwani wanalo, huku ziwani wengi wanasema tu risasi. Kazi yake ni ile ile, kitu kidogo kizito kinachowekwa mahali fulani ili kingine kikae kinavyotakiwa. Sikulazimishi, mteja wa ofisini huenda asilijue, ila mimi ningeliandika na kulieleza mara moja kwenye mabano nione kama litashika. "Mawe" kama ya mizani ya pale sokoni Kirumba Mwaloni hapana, mteja atadhani umejaza kokoto.

Halafu risasi, hapa nakuomba uwe makini kweli kweli. Kuna ule utepe mwembamba wa risasi wenye gundi nyuma, wachezaji wanaubandika chini ya kichwa kuongeza gramu mbili tatu. Usiuite mkanda wa risasi! Mkanda wa risasi ni ule wa bunduki. Mteja wako akisafiri na kotesheni yako kwenye begi, halafu askari wa uwanja wa ndege aisome, maelezo yatakuwa marefu. Andika "utepe wa madini ya risasi" na ulale usingizi. (Ukiukata nawa mikono kabla ya kula, hilo si la lugha lakini nimelisema.) Kama ni tungsteni, metali nzito kuliko risasi, andika tungsteni, na usiandike "chuma kizito", kwa sababu bei yako haitaeleweka. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha kawaida ina karibu gramu 8, risasi 11, tungsteni 19, wakati titani ambayo ndo mwili wa draiva nyingi ina 4 na nusu tu. Tungsteni iko sawasawa na dhahabu kwa uzito wa ujazo, ndo maana kuna matapeli duniani wanaipaka dhahabu wakauza kama dhahabu, wanunuzi wa Geita nadhani hawahitaji kufundishwa hili. Na kwa kuwa mara nyingi inayouzwa ni ile iliyochanganywa na nikeli ili ichongeke, andika "tungsteni ya kuchanganywa", mteja ajue si tupu.

Kuna na ile ya kupima. Wachezaji wana mizani yao maalum yenye egemeo inchi 14 kutoka mwisho wa fimbo, upande wa kushikia, inapima jinsi fimbo inavyoelemea upande wa kichwa, na wanaipa herufi na namba, D2 kwa mfano. Hiyo nayo si uzito wa fimbo! Fimbo mbili zinaweza kulingana kwenye mizani ya duka na zikatofautiana kwenye hii. Kwa Kiswahili naona "uelemeo" linafaa, kutoka elemea, maana ndicho mkono unachosikia: fimbo inakuelemea mbele. Gramu 2 hivi kichwani zinapandisha uelemeo nafasi moja, kutoka D2 kwenda D3. Na ndiyo, tunasikia uzito kwa Kiswahili, mkono unasikia kama sikio linavyosikia, usiogope kuandika "mteja asikie mabadiliko".

Kwa kotesheni basi ningeandika hivi, kama ndiyo kazi uliyofanya: "Kusogeza uzito wa vichwa vitatu vya fimbo za gofu kutoka nchani kwenda kisiginoni, kwa skrubu za tungsteni, gramu 6 kila kimoja. Uzito wa jumla haubadiliki." Kama kweli umeongeza, "Vichwa vitatu vimeongezewa uzito solini, gramu 6 kila kimoja." Gramu isiwe na wingi wa magramu, tafadhali.

Limebaki la kufunga. Mafundi wetu tunafunga kila kitu, injini, bomba, dishi, na sioni ubaya ukiandika "kufunga fimbo" kwa kazi nzima. Ila ukieleza hatua, kufunga kunaficha mengi. Mpini hauufungi, unauchomeka shingoni, baada ya kuukwangua na kuupaka gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya mbili, kisha unauacha mpaka gundi ishike vizuri, saa 24 ni kawaida. Chomeka ndilo neno lenyewe hasa la kuingiza kitu kwenye tundu kikae, na mwenzake ni chomoa, ndicho unachokifanya ukipasha shingo moto ukatoa mpini wa zamani. Hivyo andika "kuchomoa mipini, kuchomeka upya na kugundisha". La tatu katika ukoo huo ni chomoka, kichwa kikiruka chenyewe pamoja na mpira, hilo halina nafasi kwenye kotesheni ila kwenye waranti unalihitaji: "Kichwa kikichomoka ndani ya miezi mitatu kitachomekwa bure."