Mhimili wa Z ukilemewa, pima breki kabla ya kununua mota

Kwenye mashine ya milingi ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), mihimili ya X na Y inasukuma meza iliyolala kwenye reli. Umeme ukikatika meza inabaki palepale. Z, mhimili wa kupanda na kushuka, imebeba kichwa kizima pamoja na spindo inayozungusha kifaa cha kukatia, na muda wote mzigo huo unataka kushuka. Kwa hiyo kabla hujagusa bolti hata moja, weka gogo la mbao ngumu mezani chini ya kichwa, ujazie nafasi kwa vipande vya mbao mpaka kisiwe na pa kwenda. Kwenye mashine nyingi breki iko ndani ya mota ya Z. Ukiifungua mota bila kuegemeza kichwa, breki inaondoka nayo na kichwa kinaporomoka. Naomba sana usiruke hatua hii, hata kama tajiri amesimama mlangoni akiulizia kazi yake.

Kuna mashine niliyoitwa kuitazama, Z ikitoa alamu ya ovalodi, yaani mzigo umezidi. Mwenye mashine alikuwa ameshapewa makadirio ya mota mpya na draivu mpya (kifaa kinachoipa mota umeme). Mimi nilianza na ukurasa wa skrini unaoonyesha mzigo wa kila mhimili kwa asilimia. Endesha Z kwa mkono, polepole, juu na chini, huku unasoma namba. Mzigo ukiwa mkubwa wakati wa kupanda tu, kagua kinachosaidia kubeba uzito: mnyororo na jiwe lake la kusawazisha, au silinda ya gesi iliyopoteza presha. Ukiwa mkubwa kupanda na kushuka, kuna kitu kinashika: breki isiyoachia, reli zilizokauka oili, beringi iliyokufa. Uzito peke yake haulemei pande zote mbili.

Ile ilikuwa nzito pande zote, na reli zilikuwa na oili ya kutosha. Nikageukia breki.

Breki ya mota ya servo (mota inayosogeza mhimili kwa amri ya kompyuta) inabanwa na springi, na inaachia pale tu inapopata umeme, mara nyingi volti 24 za DC. Servo ikiwaka unatakiwa usikie "tak" moja kavu kutoka kwenye mota. Pale ilisikika kwa shida. Nikachomoa plagi ya breki na kupima: volti 24 kamili. Mafundi wengi huishia hapo, wakasema umeme upo. Nikarudisha plagi na kupima tena breki ikiwa kazini: volti 15. Kontakti za rilei, swichi inayoipa breki umeme, zilikuwa zimeungua, nyeusi kama masizi. Zilitosha kuipa mita usomaji mzuri, lakini breki ilipoanza kuvuta ampea zake, volti zikaanguka. Tulibadilisha rilei tu. Pima breki ikiwa imeunganishwa, daima.

Breki huweza pia kuharibika kwa namna nyingine: inaachia vizuri ila haishiki, hasa oili au maji ya kupoozea yakiingia ndani ya mota. Weka geji ya mshale (ya kupima msogeo mdogo) chini ya kichwa, gogo likiwa karibu, kisha bonyeza kitufe chekundu cha dharura. Mshale kutikisika kidogo na kutulia si tatizo. Ukiendelea kutembea, hata taratibu, breki hiyo imekwisha.

Ile mbinu ya kubadilishana kebo za X na Z ili kuona kosa linahamia wapi, mimi siikubali hapa. Mota ya X mara nyingi haina breki na vigezo vyake ni tofauti, na kichwa kinaweza kushuka ghafla.

Kama hakuna alamu ila kina cha kukata kinabadilika kipande hadi kipande, chora mstari wa kalamu unaovuka shafti ya mota na kaplingi (kiungo kilichoibana shafti hiyo), fanya kazi kidogo, uone kama mstari umeachana; ukiachana, kaplingi inateleza.

Ukimaliza matengenezo, rudisha mashine kwenye sifuri yake upya, pima urefu wa kila kifaa cha kukatia, na programu ya kwanza iendeshe kichwa kikiwa juu ya kipande, kasi ikiwa chini kabisa na kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha.