"Dakika Kumi Tu kwa Miguu": Kabla Hujamlipa Dalali wa Kiwanja Dodoma

Dada mmoja ameandika: ameonyeshwa kiwanja Nzuguni, dalali anamhakikishia kwamba hadi stendi kuu ni "dakika kumi tu kwa miguu". Anauliza kama alipe. Dada yangu, usilipe. Kwanza zitembee hizo dakika kumi, saa nane mchana, mtoto mkono mmoja na kikapu mkono wa pili.

Mtu mzima hutembea kama mita 1.3 kwa sekunde, kwa hiyo dakika kumi ni mita 780. Ukimshika mtoto wa chekechea mwendo hushuka hadi mita 0.9 hivi, na dakika zile zile zinakufikisha mita 540. Dalali naye hapimi hivyo. Ananyoosha mstari kwenye ramani ya simu, mstari unaopita juu ya kuta za watu na makorongo. Njia ya kweli ikizidi mstari huo mara moja na nusu, watu huanza kukatiza viwanja vitupu, na siku vikijengwa uzio njia imekufa.

Halafu kuna kuvuka barabara kuu ya Dar es Salaam. Njia moja ya gari ina upana wa mita 3.5 hivi. Ukivuka njia mbili ni mita 7, sekunde 6. Njia nne ni mita 14, sekunde 12. Gari la spidi 50, ambayo ndiyo sheria ndani ya makazi, hula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde zako 12 limesogea mita 167. Likiwa spidi 80 ni mita 267. Simama ukingoni uangalie: unaliona gari likiwa mbali kiasi hicho, au kuna kona na malori yameegeshwa? Kama huoni, pundamilia iliyochorwa pale ni rangi tu. Kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2 hukuwezesha kuvuka kwa awamu mbili, na kwa mzee hiyo ndiyo tofauti ya kutoka nyumbani na kubaki ndani.

Sasa jua, jambo ambalo wachoraji wa barabara zetu hulisahau kana kwamba wanachorea Ulaya. Kwenye barabara ya kaskazini–kusini, asubuhi kivuli cha kuta na miti kiko upande wa mashariki wa barabara, jioni kiko upande wa magharibi. Miti ikiwa michache, ianze upande wa magharibi, maana wanaorudi saa kumi ndio wamechoka. Barabara ya mashariki–magharibi ni ngumu zaidi: jua la jioni linakupiga usoni na ukuta haukusaidii, unahitaji matawi juu ya kichwa.

Mwarobaini unatosha. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, panda mvua za Desemba zikishika. Acha mita 6 hadi 8 kati ya mti na mti, na usipande chini ya waya wa umeme, wenye waya watakuja na msumeno. Zungushia miba kwa ajili ya mbuzi. Mwagilia ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki kuanzia Mei hadi mvua irudi, miaka miwili. Matawi ya chini ondoa hadi mita 2.2, basi. Kuukata mti kichwa mwezi wa tisa "kusafisha mazingira" ni kuwanyima watu kivuli joto la Oktoba na Novemba likiwa mlangoni.

Mtaro mbele ya nyumba nao unakuhusu. Wengi humwaga zege moja kubwa juu yake, mchanga wetu unajaa chini, na Januari maji yanapita juu na kuibeba njia. Tengeneza mifuniko ya sentimita 40 kwa 80, unene 10, yenye nondo ndani na vishikio viwili. Kila mmoja una kilo 77 hivi, watu wawili wanaunyanyua na kuzoa mchanga. Hiyo ni ya watu kukanyaga. Getini panapopita gari panahitaji zege lake. Na mteremko wa geti uishie ndani ya kiwanja chako. Ukiusukuma hadi njiani, mwenye kiti cha magurudumu anaingia barabarani na bodaboda.

Inauma, kwa sababu ramani ya mji huu ya mwaka 1976, iliyochorwa na wataalamu kutoka Toronto, iliwatanguliza watembea kwa miguu na mabasi mbele ya gari binafsi. Halafu sisi tukajenga kuta.

Rudi pale Nzuguni tena saa mbili usiku. Hesabu taa za mageti na maduka yaliyo wazi njiani. Ukikuta mita 200 mfululizo za ukuta na giza, ongeza nauli ya bajaji ya kila jioni kwenye bei ya kiwanja, kisha mpe dalali hesabu hiyo.