Mimi sikuripua kitu

Mwana wa kaka yangu, yuko Wete, Pemba, kanitumia ujumbe mrefu wa sauti. Anasema kuna jamaa karudi likizo kutoka Uingereza na kila baada ya magharibi anawahadithia barazani: huko Muislamu anatukuzwa, kazini unapewa chumba cha kusalia, polisi akikupita anakutolea salamu, hakuna anayegusa dini ya mtu. Halafu kataka nimpe barua ya mwaliko naye aje, na kaniuliza mawili. Ni kweli? Na je, sisi tulioko Ulaya tumeshawaomba radhi wazungu kwa yale mabomu, maana mwalimu wake mmoja kasema wanaoripua ni wetu na sisi ndio wa kujibu? Namjibu hadharani, kwa sababu si yeye peke yake anayeniuliza.

Mwanangu, baridi umeshaisikia sana, na fedha za skuli zimeshafika, hayo tuyaache. Chumba cha kusalia kipo kweli. Misikiti hapa Birmingham ni mingi na Ijumaa inajaa mpaka nje. Huyo jamaa hakuwadanganya, kawapa nusu, na nusu aliyoibakisha ndiyo inayonichoma.

Mimi nahudumia wazee. Nawakosha, nawabadilisha nepi, nawalisha, nawageuza usiku wasipate vidonda vya mgongo. Kwa hilo sioni haya, bibi yako nilimfanyia hayo hayo mpaka alipofariki. Aibu iliingia kwa mlango mwengine. Mei 22, 2017 mtu alijiripua Manchester watu wakitoka kwenye tamasha la muziki, akaua watu 22, na watoto wamo. Asubuhi yake nimeingia zamu, nimeshatia maji ya moto kwenye beseni, taulo liko begani, msimamizi ananiita koridoni. Mtoto wa bibi niliyekuwa nikienda kumkosha kapiga simu: hataki mwanamke wa ushungi amguse mama yake. Msimamizi alisema kwa upole kabisa, ni kwa siku chache tu, akanipeleka chumba cha kufulia. Nikashinda na mashuka ya mikojo. Yule bibi maji yake yakapoa, akakaa hajakoshwa mpaka karibu na adhuhuri kwa kuwa hakukuwa na mtu mwengine. Yeye mwenyewe hakuulizwa anataka nini.

Hapakutokea matusi wala hapakupigwa mtu. Lakini usiku ule sikulala kwa ajili ya wale watoto, na asubuhi nikakuta nimeshawekwa upande wa aliyewaua.

Sasa hilo la radhi. Sikuomba, na siombi. Radhi huomba aliyetenda, au aliyesaidia, au aliyejua akanyamaza. Mwambie mwalimu wako afungue Surat Al-An'am, aya ya 164: hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine. London, Julai 7, 2005, waliouliwa kwenye treni na basi walikuwa 52, na Waislamu wamo. Mama wa Muislamu aliyekufa siku ile naye aende kwa jirani yake kuomba radhi? Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, wanaojiita wapiganaji wa Kiislamu wanaua watu tangu Oktoba 2017, na wengi wa wanaouliwa ni Waislamu wa pwani kama sisi, wanaofunga na kusali kama sisi.

Ila na nyinyi msinijie na "hao si Waislamu" mkaona mmemaliza. Agosti 7, 1998, bomu la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam liliua watu 11, na hakuna hata Mmarekani mmoja kati yao. Waliohukumiwa huko Marekani kwa mabomu ya siku ile ya Dar na Nairobi wamo wawili wazaliwa wa Zanzibar, Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Khalfan Ghailani. Ni wa kwetu. Walitoka kwenye nyumba kama zetu, na kuwatoa katika dini kwa maneno hakumrudishi aliyekufa. Ukimjua kijana anayevutwa huko ukakaa kimya, usiniletee aya ya mbebaji, maana hapo mzigo ni wako. Sheikh mwenye mimbari na asiseme waziwazi kwamba huu ni uuaji, naye ana lake la kujibu. Mimi mfua mashuka wa Birmingham sina.

Pale kazini tulikuwa na bibi mmoja wa Kiayalandi, Mkatoliki, rozari haimtoki mkononi. Jioni moja namkata kucha akaniambia ya kwake. Novemba 21, 1974, mabomu yaliripuka kwenye baa mbili za mji huu huu, watu 21 wakafa, na lawama zikaenda kwa IRA, Waayalandi waliokuwa wakipigana kuitoa Uingereza Ireland ya Kaskazini. Yeye wakati huo ni mke kijana, anafanya usafi. Basi akawa anapanda gari bila kufungua mdomo: anatoa sarafu kamili, anaonyesha kwa kidole, kwa kuogopa matamshi yake yasimtoe. Viwandani walikuwako wafanyakazi waliogoma kwa sababu ya Waayalandi. Wanaume sita wa Kiayalandi wakafungwa maisha, na mpaka mwaka 1991 ndipo mahakama ilipofuta hukumu na kuwatoa. Siku ile alinishika mkono akaniambia nisije nikauvua ushungi wangu kwa kumwogopa mtu. Kesho yake akanambia niuvue, nisije nikapigwa kituoni.

Unaona basi kwamba si dini yetu tu. Ni tabia ya watu wakishaogopa. Julai 29, 2024, kule Southport, watoto watatu wa kike waliuliwa kwa kisu kwenye darasa la dansi. Kabla watu hawajajua lolote, mitandaoni uvumi ukasema muuaji ni Muislamu, mkimbizi aliyekuja kwa mashua. Alikuwa kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Cardiff, wazazi wake wametoka Rwanda. Uvumi ulitosha. Kesho yake jioni msikiti wa Southport ukapigwa matofali na watu wamo ndani. Kwa siku kadhaa mimi na wenzangu tulikuwa tunaitana simu ndipo tutoke, na wa zamu ya usiku akisindikizwa.

Asubuhi baada ya ule msikiti kupigwa, wakaazi wa Southport, wazungu, walikuja na mafagio na saruji wakaujenga ukuta upya. Hilo ni kweli na nalisema kwa nguvu ile ile. Na siku chache baadaye hapa Birmingham, mtaa wa Bordesley Green, vijana wetu walikusanyika kuulinda mtaa dhidi ya kundi la wafanya fujo ambalo hata halikuja. Baadhi yao wakatoka wakaivamia baa, mtu wa watu akapigwa akaumia vibaya. Alikuwa na kosa gani yule? Nilipowauliza wenzangu msikitini, mmoja akanijibu, "Na wao si wametufanyia?" Wao nani? Huyo hakuvunja msikiti wowote.

Nilikasirika, mwanangu, na hasira zile zilinirudia nilipofika mwisho wa ujumbe wako. Umesema vijana wa mtaani wanataka yule mama wa Bara anayekaanga mbatata njia ya kwenda sokoni aondoke, kwa kuwa ni Mkristo, na Wakristo wa Bara ndio waliotupiga risasi mwaka 2001. Umelisema kwa wepisi, kama habari ya mpira.

Mimi Januari 27, 2001 nilikuwako, huko huko Pemba. Baba yako anajua tulivyotoka, na mashua iliyotufikisha Shimoni, Kenya. Polisi walipiga risasi waandamanaji wa upinzani waliokuwa wakipinga uchaguzi, na baada ya askari mmoja kuuliwa Micheweni waliingia majumbani wakapiga watu ambao hata hawakuandamana, kwa kuwa ni Wapemba tu. Tuliolipishwa kwa damu ya mtu tusiyemjua ni sisi. Leo mtoto wa nyumba ile ile anataka kumlipisha mkaanga mbatata! Huyo mama mwaka huo labda alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Na Padre Evarist Mushi, aliyepigwa risasi Unguja Jumapili asubuhi, Februari 17, 2013, akienda kusalisha misa, nani aliwaambia Wakristo wasimame mlangoni kwetu kutaka damu yake? Miezi michache nyuma yake, Novemba 2012, katibu wa Mufti, Sheikh Fadhil Soraga, alimwagiwa tindikali usoni. Muislamu, tena sheikh. Msinitajie samaki mmoja akioza. Watu si tenga la samaki. Al-Maida, aya ya 8, imesema kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu, na aya ile hakuteremshiwa mzungu peke yake.

Nikijibu swali lako la kwanza, na hilo la kuja, basi: usije. Umri wako ni wa kusoma, na huku utasoma mashuka. Lakini ukipata nafasi ya chuo njoo, nitakupokea, nitakulipia ninachoweza, na usimsikilize anayekutia woga, mimi mwenyewe nikiwemo. Vaa kofia yako ya kiua. Usiivae kwenye basi la usiku Jumamosi. Mtu akikuuliza kuhusu mabomu, usimjibu, hana haki ya kukuuliza. Akikuuliza kwa kutaka kujua, kaa naye, mnunulie chai, mwambie yote, maana wengine hawajawahi kuzungumza na Muislamu maisha yao yote. Utawajuaje? Mimi bado nakosea kuwatambua. Ushungi wangu sikuuvua, na dada yako akija bila wake nitanuna, na akija nao sitalala mpaka arudi nyumbani.

Kesho nenda kwa yule mama ukanunue mbatata, nenda na hao vijana wenzako. Akifukuzwa pale na wewe umekaa barazani unatazama, suala la barua ya mwaliko usinitajie tena.