Saa inaninyima raha ya kukimbia

SWALI: Nakimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki. Saa yangu ya mazoezi ikionyesha nimezidi dakika 6 kwa kilomita naingiwa na wasiwasi, naongeza mwendo, na kabla ya kilomita ya 3 pumzi imekata. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kasi ya papo hapo si ya kuaminika. Mawimbi ya setilaiti yakigonga maghorofa au kuzibwa na miti, saa yaweza kuandika 6:40 ilhali hujapunguza mwendo. Iondoe kwenye skrini. Bakiza muda, na wastani wa kasi ya kilomita unayoikimbia. Usiondoke kabla saa haijanasa setilaiti, la sivyo kilomita ya kwanza huwa ya uongo.

Mapigo ya moyo nayo: ukisoma 170 na bado unaongea bila kuhema, huenda saa inahesabu hatua zako badala ya mapigo. Ivae upana wa kidole juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ukaze mkanda.

Mbio mbili kati ya tatu zikimbie kwa mwendo unaokuruhusu kutamka sentensi nzima, saa ikiwa chini ya mkono wa fulana. (Ujanja wa kitoto, lakini unasaidia.) Kama unatumia Strava (programu ya kurekodi mazoezi na kuwaonyesha wengine), chagua mazoezi yaonekane na wewe pekee.

Kifua kikibana, au moyo ukienda mbio hata umepumzika, muone daktari.