Ukienda kutembea Bataan, nenda na jina la mtu

Kila ukifika Januari, simu yangu huanza kuita. Ni ndugu zetu, Watanzania na Wakenya tunaoishi huku Marekani, wanaulizia matembezi ya Bataan kule New Mexico. Huuliza kwanza viatu, kisha mchanga. Nitayajibu yote hayo hapa, lakini naomba nianze na jambo ambalo haulizi mtu, kwa sababu ndilo lililoniinua pale nguvu za mazoezi zilipokwisha. Kabla hujanunua hata soksi, chagua jina la askari mmoja. Soma habari zake mpaka uzijue, na siku ikifika utembee kwa ajili yake.

Kwa asiyeyafahamu matembezi haya: kila mwezi wa Machi, katika kambi ya jeshi ya White Sands Missile Range, si mbali na mji wa Las Cruces, maelfu ya watu hukusanyika alfajiri kutembea au kukimbia jangwani. Njia ndefu ni maili 26.2, kilomita 42 na ushee, yaani marathoni kamili. Fupi ni maili 14.2, karibu kilomita 23. Yalianzishwa mwaka 1989 na wanafunzi wa mafunzo ya uofisa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico, kuwakumbuka askari waliosalimishwa katika rasi ya Bataan, Ufilipino, tarehe 9 Aprili 1942. Mateka wapatao 75,000, wengi wao Wafilipino na waliobaki Wamarekani, waliswagwa na jeshi la Japani kwa takriban kilomita 100, juani, miili imeshadhoofika kwa njaa na malaria. Aliyeanguka alichomwa singe au alipigwa risasi. Maelfu walifia njiani, na maelfu wengine walifia katika kambi ya Camp O'Donnell.

Na kwa nini New Mexico? Kwa sababu kikosi cha 200 cha mizinga ya kutungulia ndege kilitoka jimbo hilo. Walikuwa vijana wa jeshi la akiba, wa miji midogo kama Deming, Gallup, Clovis na Taos, wengi wao wakizungumza Kihispania nyumbani kwao. Walioondoka walikuwa kama 1,800, na karibu nusu hawakurudi. Mji mdogo hauna pa kuficha msiba wa namna hiyo. Ukitembea na wenyeji utasikia: huyu ni babu yangu, yule alikuwa jirani ya mama. Picha zimebandikwa kwenye mabegi na migongo ya fulana, nyeusi na nyeupe, za vijana wa miaka ishirini.

Kama hujui uanzie wapi kuchagua, anza na Ben Skardon. Alikuwa ofisa kutoka South Carolina, aliyesoma chuo cha Clemson. Kambini aliugua malaria na beriberi, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini, akawa wa kufa leo au kesho. Wenzake wawili waliosoma naye chuo hicho, Henry Leitner na Otis Morgan, walimlisha na kumsafisha kwa mikono yao. Skardon alikuwa ameificha pete yake ya dhahabu ya chuo muda wote ule. Wakaitoa kwa mlinzi wakapata chakula, akala, akapona. Leitner na Morgan wote wawili walikufa kabla vita havijaisha. Skardon alirudi nyumbani, akawa mwalimu, na uzeeni akawa anakwenda White Sands kutembea sehemu ya njia hiyo hata baada ya kutimiza miaka 100. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 104. Mwenyewe alisimulia habari za wenzake hao wawili kila alipopewa nafasi. Ukitembea kwa jina la Otis Morgan au Henry Leitner, unaendeleza kazi aliyokuwa akiifanya.

Au chagua Mfilipino. Hili nalisisitiza, maana wao ndio waliokuwa wengi katika safu ile na ndio wanaotajwa kidogo. Walipigana chini ya bendera ya Marekani wakiahidiwa haki za askari wa Marekani, halafu mwaka 1946 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyowanyima wengi wao haki hizo. Medali ya dhahabu ya Bunge waliidhinishiwa Desemba 2016, wengi wakiwa wameshazikwa. Mimi habari hiyo ilinikaa kifuani kwa sababu inafanana na ya kwetu. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipelekwa Bama (Myanmar ya sasa) na kikosi cha Tanganyika, akapita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, adui akiwa ni jeshi lile lile la Japani. Askari wa Keya alilipwa pungufu ya Mzungu wa cheo kile kile, na vita vilipokwisha alirudi kijijini kulima. Februari mwaka huo huo wa 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa na wanajeshi wa Afrika Mashariki, ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, na watu 1,297 wakapotea. Ni wangapi kati yetu tuliofundishwa hilo shuleni?

Kwa hiyo mwaka mmoja niliandika jina la babu kwenye kipande cha kitambaa, nikakishonea kwenye begi chini ya jina la Mfilipino niliyemchagua. Mzee mmoja aliyepigana Vietnam aliniuliza ni nani huyo. Tulitembea pamoja mpaka kituo cha maji kilichofuata nikimweleza habari za mto Chindwin kule Bama.

Hapo niongezee neno kuhusu kuzungumza na wapiganaji wa zamani, maana utakutana nao wengi, wa Korea, Vietnam, Iraki na Afghanistani. Usimuulize mtu kama aliua. Usimuulize mguu wake ulikatikia wapi. Salimia, taja jina lako, uliza alihudumu kikosi gani, kisha nyamaza usikilize. Wamarekani wana desturi ya kuwashukuru kwa utumishi wao, na ni jambo jema, ila nimeona wengi wakifurahi zaidi wakiulizwa habari za rafiki yao. Mzee akikupa mkono, upokee kwa upole kama ungempokea babu yako. Na fika mapema uwahi sherehe ya alfajiri. Majina ya manusura wa Bataan waliofariki huitwa kwa sauti mmoja mmoja, na hakuna anayeitika. Kwangu mimi, aliyelala akaikosa saa hiyo amekosa nusu ya siku.

Sasa njia yenyewe. Mwanzo ni kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kisha unapanda taratibu kuzunguka kilima cha Mineral Hill mpaka kama mita 1,600. Anayetoka Nairobi hatahangaika na hewa. Anayeishi Houston au pwani ya Florida ataisikia kifuani. Alfajiri ni baridi ya kuvaa koti na glavu, na saa sita mchana jua linachoma huku upepo ukirusha vumbi usoni. Vaa nguo za kuvua moja moja, kofia yenye ukingo mpana, na kitambaa cha kufunika pua na mdomo.

Baada ya maili ya 20 kuna mchanga. Ni mkondo mkavu wa mchanga laini, mguu unazama, na unakutana nao wakati umeshachoka. Wakimbiaji wazuri wa barabara ya lami huvunjika moyo hapo, kwa sababu mapaja na vifundo havijawahi kufanya kazi hiyo. Dawa ni kufanya mazoezi kwenye mchanga au udongo tifutifu angalau mara moja kwa wiki kwa miezi miwili ya mwisho. Ufukwe unafaa, ila tembea ule mchanga mkavu wa juu, si ule mgumu uliolowa. Kwenye matembezi yenyewe fupisha hatua na usishindane na mtu.

Viatu: vile ulivyokwisha kuvizoea, vikubwa kidogo kuliko kipimo chako cha kawaida, kwa sababu miguu huvimba. Soksi za sufu, na jozi ya pili begini ya kubadilisha kabla ya mchanga. Funika shingo ya kiatu kwa vile vitambaa vinavyofunga kifundo ili mchanga usiingie. Paka mafuta ya mgando vidoleni na mapajani. Sehemu ikianza kuchoma, simama hapo hapo ubandike plasta, maana ukisubiri maili mbili itakuwa lengelenge, na lengelenge ndilo linalowatoa watu njiani kuliko uchovu.

Maji yapo vituoni, na mara nyingi kuna machungwa yaliyokatwa, ambayo katikati ya jangwa hayana mfano. Lakini usijijaze maji matupu siku nzima. Jasho linatoa chumvi, na maji mengi yasiyo na chumvi huizimua ile iliyobaki mwilini mpaka mtu akaumwa kichwa, akatapika, akachanganyikiwa. Chukua pakiti za chumvi za kuchanganya, mfano wa zile tunazowapa watoto wakiharisha, na kula kitu kidogo kila baada ya saa moja hata kama huna njaa.

Kuna kundi la wanaobeba mzigo. Ni ratili 35, kama kilo 16, maji hayahesabiwi, na begi linapimwa. Wengi hujaza mchele na maharagwe, na wakimaliza wanakitoa chakula hicho kwa wahitaji. Ni jambo zuri mno, na ningependa kila mwenye mgongo mzima ajaribu, lakini si mwaka wake wa kwanza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wako utauhisi. Anza na kilo tano, ongeza polepole kwa miezi minne au mitano. Zifunge pakiti kwa utepe wa gundi zisipasuke, uzito ukae juu, karibu na mgongo, na mkanda wa kiunoni ubebe kazi kubwa kuliko mabega.

White Sands ni kambi ya jeshi. Beba kitambulisho halali, na kama wewe si raia wa Marekani, soma masharti ya kuingia siku utakayojiandikisha, usingoje wiki ya safari.

Wanaoniuliza kutoka nyumbani kama jambo hili linawezekana huko, nawajibu ndiyo, na si lazima liwe kubwa. Kwa Tanzania, tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Mashujaa wa vita vya Kagera wamelala Kaboya, wa ukombozi wa kusini mwa Afrika wamelala Naliendele, na katika wilaya nyingi wapo waliorudi, wazee sasa, wanaoishi kwa jembe. Tafuteni kilomita 20 za barabara ya vumbi, kila mtu abebe kilo kadhaa za unga au mchele kwa kaya za wazee hao. Anzeni kwa kwenda kuwaamkia, muwaulize majina ya wenzao ambao hawakurudi, na myaandike vizuri, jina la mtu na la baba yake, kabla hamjachapisha fulana hata moja.