Nishani za Admirali Nimitz

Ndugu, umeuliza kama Chester Nimitz, yule admirali wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, aliwahi kupata Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake, na ile medali ya uokoaji aliipataje. Medal of Honor hakupewa. Nishani yake kubwa ya vita ni ile ya Utumishi Uliotukuka ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, aliyotunukiwa zaidi ya mara moja. Uingereza nayo ilimpa nishani ya Bath, mojawapo ya nishani zake za heshima.

Medali ya uokoaji, ya fedha, ni ya Machi 1912, akiwa ofisa kijana wa nyambizi. Baharia wake mmoja alianguka majini, hajui kuogelea, na mkondo ukawa unamsomba. Nimitz akajitosa na nguo zake, akamshika na kumwelesha mpaka wote wawili wakaopolewa. Kwangu mimi hiyo inazidi nyingi alizopewa baadaye kwa sababu ya cheo.

Tena usisahau kwamba mwaka 1908 alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa kuikwamisha manowari Decatur huko Ufilipino. Aliishia kupewa karipio, akaendelea na kazi. Desemba 1941, baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii, ndiye aliyekabidhiwa kundi la meli za kivita za Marekani la Pasifiki. Miezi sita baadaye akawashinda Wajapani katika vita vya baharini vya Midway. Nyota ya tano, yaani cheo cha juu kabisa cha admirali, aliipata Desemba 1944, na tarehe 2 Septemba 1945 alitia saini kwa niaba ya Marekani Japani iliposalimu amri.