Usifunge pikipiki kwa mpira wa tyubu, ada ya somo hilo nimeshalipa

Mkuu, usiondoke kesho hivyo. Nimeiona picha uliyoweka: Boxer imesimama kwa stendi ya pembeni kwenye trela, mipira ya tyubu imezungushwa kwenye usukani, halafu unauliza petroli utoe au uache, na trafiki watakudai kibali gani mpaka Njombe. Petroli! Pikipiki yenyewe haifiki.

2019 nilifunga hivyo hivyo, Dar kwenda Iringa, trela nyuma ya Noah ya shemeji. Aliyenifungia ni mpakiaji mmoja pale Mbezi. Kala elfu kumi yangu, kaitikisa mara mbili, kapiga tanki kofi: "Bosi, hii hata Kitonga haichezi." Kitonga yenyewe, ule mlima wa kona kabla ya Iringa, hatukuiona siku ile. Mpaka leo nikipita Mbezi namtafuta kwa macho, sina shari, nataka elfu kumi yangu tu.

Yaliyonimaliza ni matuta ya Mikumi. Trela likigonga tuta shokapu za mbele zinabonyea, mpira unalegea. Zikifyatuka kurudi juu, mpira nao unavutika, pikipiki inapata nafasi ya kurukaruka. Na stendi ndiyo iliyokuwa imebeba uzito wote, kilo 100 na ushei, kila tuta nyundo moja. Ikakunja kishikio chake kwenye fremu. Nikasikia kishindo, nikadhani pancha. Shemeji: "Twende tu, mzigo umekaa sawa." Kukaa ulikaa, ubavu. Tanki limebonyea, taa imepasuka, mkono wa kilachi umekatika, petroli inachuruzika mfunikoni, usukani unaangalia Dodoma wakati tairi linaangalia Iringa. Na pale ni mbugani, hushuki ukapanga mambo kwa raha zako. Fundi wa Iringa alinitoza 380,000. Kunicheka alinicheka bure.

Sasa shika hili moja: BONYEZA SHOKAPU ZA MBELE. Nunua mikanda minne ya racheti, ile wanayokazia mizigo madereva wa malori. Stendi zote juu, tairi la mbele ligote ubao wa mbele wa trela, weka gia namba moja. Mikanda miwili ishike chini ya usukani, pale shokapu zinaposhikiliwa, sio kwenye mishikio ya mkono. Ivute mbele na nje, mmoja kila upande. Kaza kulia kidogo, kushoto kidogo, mpaka shokapu zibonyee kama nusu. Nusu, mkuu, usizizamishe zote, utaua sili za oili halafu uje kunitukana hapa. Zikishabonyea hivyo, springi inasukuma mkanda muda wote, tuta likija mkanda haupati nafasi ya kulegea. Miwili ya nyuma funga kwenye fremu, ni ya kuzuia mkia usihame tu.

Ukifika Kibaha shuka ukaze. Chalinze shuka tena ukaze. Dereva wako akinuna, anune.

Na kama hela ya mikanda haipo, ngoja mwisho wa mwezi. Njombe haihami.

Hilo la kibali wengine watakujibu. Mimi siku ile trafiki walinisimamisha, wakaiangalia pikipiki, wakaniangalia mimi, wakaniambia nenda. Hata leseni hawakuuliza.